Ushahidi wa maabara uwafikie wakazi wa Kiandutu kwa Kiswahili

Majina ya mahali aghalabu huhifadhi historia ambayo vitabu vimeisahau. Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio kando ya mji wa Thika, una jina lenye asili ya Kikikuyu, na ndani yake limo neno ndutu, yaani funza. Waliolitoa jina hilo walikuwa wakimtaja adui waliyemjua vyema. Funza huwasha, huvimbisha kidole, huonekana kwa macho, na mtu mwenye pini na subira humtoa.

Maadui wengine wa afya hawana uungwana huo. Madini ya risasi yakiyeyuka ndani ya maji, kwa viwango vinavyodhuru, hayabadilishi rangi wala ladha ya maji hayo. Methanoli ikitiwa katika glasi ya chang'aa hunuka kileo kama kileo kingine chochote. Jicho, pua na ulimi haviwezi kuzitambua sumu hizi. Wawezao ni wataalamu wa kemia ya uchanganuzi pamoja na mashine zao za maabara, na mashine hizo hutoa ushahidi kwa tarakimu na kwa Kiingereza. Je, mpenzi msomaji, ushahidi huo unamfikiaje mkazi wa Kiandutu, ambaye ndiye mwenye kuyanywa maji, na ambaye jirani yake ndiye mwenye kuinywa pombe?

Tuanze na pombe, kwa kuwa makaburi yake tunayajua. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, hasa Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, jina lililotokana na bei yake ya shilingi kumi kwa glasi. Wengine walinusurika wakiwa vipofu. Mnamo Juni 2005 msiba wa namna hiyo uliifikia Machakos. Mei 2014 ulizikumba kaunti kadhaa, ikiwemo Kiambu, ambayo ndiyo kaunti ya Thika na Kiandutu. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Katikati ya misiba hiyo sheria zilibadilika: Sheria ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ili pombe hiyo itengenezwe hadharani na kwa viwango vinavyokaguliwa. Hata hivyo, watu waliendelea kufa.

Baada ya kila msiba, raia huambiwa kwamba pombe ile ilitiwa "kemikali". Neno hili limekuwa blanketi la kufunikia kila kitu. Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na sukari ya chai ni kemikali. Mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake ameuawa na kemikali hajaambiwa lolote la kumwokoa yeye mwenyewe kesho.

Ukweli unaoweza kumwokoa ni huu. Methanoli ni ndugu wa ethanoli, yaani kile kileo cha kawaida, lakini mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo asidi hiyo hushambulia neva za macho. Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu, na mililita 30 zinaweza kumuua. Dalili kali hukawia, mara nyingi kwa saa 12 hadi 24, hivi kwamba mgonjwa hulala akidhani amelewa tu, na jamaa zake humwacha alale. Dawa zipo, lakini hufaa zaidi akifikishwa hospitalini mapema. Wapo pia wanaoamini kwamba pombe ikiwashwa kiberiti na kutoa mwali wa buluu basi ni safi. Imani hiyo ni ya hatari. Ethanoli na methanoli zote mbili hutoa mwali wa buluu, na ule wa methanoli huwa hafifu kiasi kwamba mchana haukaribii kuonekana.

Mashine inayoweza kuamua baina ya ndugu hawa wawili huitwa kromatografu ya gesi. La kustaajabisha ni kwamba kanuni yake si ngeni hata kidogo huko Kiandutu. Mpishi wa chang'aa huchemsha chachu, akaukamata mvuke, akaupitisha bombani na kuupoza uwe kiowevu tena, tendo ambalo wanasayansi wa Kiswahili huliita kukeneka. Anategemea ukweli kwamba viowevu havichemki kwa joto moja: methanoli huchemka kwa karibu nyuzi 65, ethanoli kwa karibu 78, na maji kwa 100. Pamoja na hayo, vifo vingi vya misiba hii havitokani na makosa ya upishi. Hutokana na methanoli ya viwandani ambayo mtu mwenye tamaa huitia katika pombe ili kuiongezea ukali.

Ndani ya kromatografu, tone dogo la pombe hugeuzwa mvuke, kisha husukumwa na gesi kupitia mrija mwembamba sana ambao waweza kuwa na urefu wa mita 30. Ukuta wa mrija huo umepakwa utando unaoikawiza kila dutu kwa kadiri yake, kama abiria wa matatu moja ambao kila mmoja ana kituo chake cha kushukia. Mwishoni mwa mrija pana mwali mdogo wa haidrojeni ambao huchoma kila kinachotoka, na mashine huchora kilima kwa kila dutu iliyopita. Kilima cha methanoli hutangulia cha ethanoli. Ukubwa wa kilima ndio kiasi chake. Mtu aliyewahi kumwona mpishi wa chang'aa kazini anaweza kuufahamu mchoro huo kwa dakika chache, mradi aelezwe kwa lugha anayoijua.

Hapa ndipo wapinzani husema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Na tuulize basi: Kiingereza kilikuwa na maneno hayo tangu lini? Neno ambalo sisi tumelitohoa kuwa kromatografia lilibuniwa na mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, katika maandishi yake ya 1906. Alikuwa akizitenganisha rangi za majani, akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya rangi na jingine kuandika. Waelewao Kirusi husema kwamba huenda alifanya utani, kwa sababu jina lake mwenyewe, Tsvet, maana yake ni rangi. Kromatografia ya gesi ya namna tuitumiayo ilielezwa na A. T. James na Archer Martin huko Uingereza mwaka wa 1952, nayo haina uhusiano wowote na rangi, lakini jina lilibaki. Mwingereza wa kawaida asiyesoma kemia hana urithi wowote katika neno hilo. Alilipokea kama tunavyolipokea sisi.

Isitoshe, Kiswahili hakikuingia maabarani mikono mitupu. Mizani tuliipokea kutoka Kiarabu karne nyingi zilizopita, darubini ikatoka Kiajemi, nayo hadubini ikaundwa kwa kuufuata mfano wa darubini. Kipimajoto tulikiunda kwa mizizi yetu wenyewe. Shaba, zebaki na risasi ni maneno yaliyotumika pwani kabla ya shule ya kwanza ya kemia kufunguliwa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Basi tatizo letu si ukosefu wa maneno. Tatizo ni kwamba maneno yaliyopo hayapewi kazi.

Neno lisilopewa kazi huota kutu, au hubaki na maana moja tu kati ya maana zake. Chukua risasi. Afisa wa afya akisimama katika baraza la chifu na kutangaza kwamba maji ya kisima fulani yana risasi, wengi wa wasikilizaji wataiwazia bunduki. Ilhali neno hilo katika Kiarabu lilikotoka ni jina la madini yenyewe, na kitu kile kitokacho bundukini kiliitwa hivyo kwa sababu kilifinyangwa kwa madini hayo. Maana ya kwanza imemezwa na ya pili. Afisa mwenye busara atasema "madini ya risasi, yale yaliyomo ndani ya betri ya gari", na kila fundi wa gari aliyeketi barazani atakuwa mkalimani wake.

Mashine inayotumika mara nyingi kuyapima madini hayo nayo ina kisa chake. Kanuni ya matumizi yake ilielezwa na Alan Walsh wa Australia mwaka wa 1955. Maji hunyunyizwa ndani ya mwali wa asetilini wenye joto linalozidi nyuzi 2,000, na mwali huo huyavunja yote yaliyomo hadi kuwa atomu mojamoja. Nuru ya taa maalumu hupitishwa katika mwali. Kila elementi hufyonza nuru yake na kuiacha ya wenzake ipite, hivyo nuru iliyopungua ndiyo hesabu ya madini yaliyomo. Kwa kawaida risasi hupimwa kwa taa iliyotengenezwa kwa risasi, na kromi kwa taa ya kromi. Maabara yenye mashine nzuri lakini isiyo na taa ya risasi, au iliyoishiwa na gesi, haiwezi kumjibu mama wa Kiandutu hata kama wataalamu wake wana shahada za kuning'iniza ukutani.

Nimeitaja kromi kwa sababu Thika ni mji wa viwanda, na miongoni mwa kazi zinazojulikana huko ni usindikaji wa ngozi, ambao duniani kote hutumia chumvi za kromi. Simtuhumu yeyote. Nasema tu kwamba mahali penye kazi ya aina hiyo, penye mito kama Thika na Chania, na penye watu wengi wasio na uhakika wa maji ya mfereji, kupima ni wajibu. Na kupima kromi kuna mtego. Kromi ina sura mbili kuu: ile ya tatu, ambayo madhara yake ni madogo, na ile ya sita, ambayo ni sumu kali na chanzo cha saratani. Mashine ya mwali huhesabu kromi yote kwa pamoja bila kubagua. Ili kuitambua kromi ya sita, mkemia huitia dawa inayoyageuza maji kuwa ya zambarau, kisha huupima ukali wa rangi hiyo kwa chombo kingine, spektrofotometa. Ripoti isemayo "kromi imepatikana" bila kutaja ni kromi gani inaweza kuwatisha watu bure, au kuwatuliza bure. Hapo lugha na kemia hudai kitu kimoja: kila kitu kiitwe kwa jina lake kamili.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni tarakimu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha miligramu 0.01 za risasi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na miligramu 0.05 kwa kromi yote. Nani anayenunua maji kwa mtungi anayefikiri kwa miligramu? Lakini hesabu hii hutafsirika. Katika mtungi wa lita 20, kiwango hicho cha risasi ni miligramu 0.2. Punje moja ya sukari ya kawaida ina uzani usiofikia miligramu moja. Basi mpaka kati ya maji yanayokubalika na yasiyokubalika ni sehemu ndogo ya punje moja ya sukari ndani ya mtungi mzima. Mkazi akielezwa hivyo ataelewa papo hapo kwa nini ulimi wake hauwezi kumlinda, na kwa nini kuyachemsha maji, kunakoua vijidudu, hakuyaondoi madini.

Ataelewa pia jambo ambalo wengi hudhani ni la wasomi peke yao, yaani kusawazisha mashine. Mashine ya maabara haijui chochote kwa asili yake. Hupewa kwanza maji safi yasiyo na kitu, kisha miyeyusho ambayo kiasi cha madini yake kinajulikana, halafu ndipo huulizwa kuhusu maji yasiyojulikana. Mtu yeyote aliyewahi kununua nyama au viazi sokoni anajua kwamba mizani huaminiwa kwa sababu ya mawe yake, na kwamba mawe hayo hukaguliwa na kupigwa muhuri wa serikali. Mkazi huyo ana haki ya kuuliza swali lilelile maabarani: mawe ya mizani yenu yamekaguliwa na nani, na lini?

Sisemi juu ya fadhila hapa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 43 haki ya maji safi na salama. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza wazi kwamba ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwamba asiyejua kuandika asaidiwe. Ombi linalohusu uhai wa mtu linapaswa kujibiwa katika saa 48. Sasa haki ya kuuliza kwa Kiswahili ina manufaa gani iwapo jibu litakuwa jedwali la Kiingereza lenye alama za kemia, lisilo na hata sentensi moja ya kueleza kama maji yanyweke au yasinyweke?

Tunao mfano wa nguvu ya tarakimu zinapowafikia wenyewe. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Vipimo vya damu na vya udongo vilionyesha risasi, na wakazi, wakiongozwa na Bi. Phyllis Omido, walivitumia vipimo hivyo kudai haki yao. Mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika Mahakama ya Rufaa mwaka wa 2023, kisha ukarejeshwa na Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2024. Bila tarakimu za maabara, wangekuwa na vikohozi na machozi tu mbele ya hakimu. Na tarakimu zile zingebaki kabatini kama pasingekuwa na watu waliozifahamu na kuzibeba.

Ndugu zetu wa Tanzania wametutangulia kwa hatua moja. Taasisi yao inaitwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na huzungumza na wananchi kwa Kiswahili kama jambo la kawaida. Hakuna Mtanzania aliyepoteza kemia yake kwa sababu hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kuwapa wakazi wa mabanda tarakimu kama hizi ni kuwatia hofu. Hofu ipo tayari. Mahali pasipo na habari pana uvumi, na uvumi haujui kutofautisha kromi ya tatu na ya sita. Wapo pia wenzangu katika taaluma ya lugha ambao wakisikia hoja hii watakimbilia kuunda istilahi mpya elfu moja. Nawasihi wangoje. Mkazi wa Kiandutu hahitaji jina jipya la kila kijisehemu cha kromatografu. Anahitaji sentensi.

Napendekeza sentensi tano. Kila mara maji, udongo au pombe ya mtaa kama Kiandutu inapopimwa kwa fedha za umma au kwa utafiti wa chuo kikuu, bango libandikwe mahali pa kuchotea maji, katika zahanati na ofisini kwa chifu, likieleza kwa Kiswahili: nini kimepimwa na lini, kwa mashine gani, kiasi gani kimepatikana, kiwango kinachokubalika ni kipi, na mkazi afanye nini. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya. Juja, palipo na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ni safari fupi ya matatu kutoka Thika, na mjini Thika kwenyewe pana vyuo. Mwanafunzi wa kemia na mwanafunzi wa Kiswahili wakiketi pamoja alasiri moja, bango litakuwa tayari. Vyuo vinavyokwenda kuchota sampuli Kiandutu ili wanafunzi wao wapate shahada vinaweza kudaiwa walau karatasi hiyo moja kuwa ujira wa maji yaliyochotwa.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Huenda methali hiyo inafaa katika mafumbo na majigambo ya barazani. Katika mambo ya sumu haifai, kwa sababu asiyejua maana ya zile tarakimu ndiye mwenye glasi mkononi, na ndiye apasaye kuambiwa wa kwanza.